Pua ya Mama Chupa

Nyuma ya gereji ya klabu ya baiskeli, pale jengo linapogeukia ukuta wa jirani na jua halifiki mpaka saa tano, palikuwa na chumba chenye karo mbili, meza ya bati na dirisha dogo la kusukuma. Humo alifanya kazi mjane mmoja wa miaka hamsini na minane, na kazi yake yote ilikuwa kuosha chupa za maji za waendeshaji. Walimwita Mama Chupa. Jina lake halisi alilijua mhasibu peke yake. Hata kwenye simu ya binti yake aliandikwa "Mama" tu.

Asiyeijua kazi ile angeiona ya mchezo. Unatia sabuni, unatikisa, unamwaga, kwisha habari. Mwenyewe alidhani hivyo miaka kumi na miwili nyuma, alipoajiriwa pale kufagia. Siku moja akaokota kifuniko cha chupa chini ya benchi, akakichokonoa kwa sindano ya kufumia, na kile kidude cha mpira kinachong'atwa kwa meno ili maji yatoke kikachomoka. Ndani yake palikuwa na utando mweusi, mlaini kama kamasi. Akampelekea kocha kwenye kiganja. Kocha akautazama, akameza mate, akauliza ni chupa ngapi ziko vile. Zilikuwa zote. Kesho yake ufagio alikabidhiwa mtu mwingine.

Tangu hapo akajitungia utaratibu wake, na hakuna aliyethubutu kuuingilia. Kila jioni waendeshaji walipotoka mazoezini walipitisha chupa dirishani na kuzitumbukiza kwenye kreti, arobaini na kitu msimu ukipamba moto. Asubuhi alizifungua zote, mwili mbali, kifuniko mbali, pete ya mpira mbali, kidude mbali. Vifuniko vililala kwenye beseni la maji ya moto na siki. Miili ilipigwa brashi ndefu mpaka chini kabisa, kwenye ile kona ambayo vidole havifiki. Kisha suuza mara tatu, kisha kwenye rafu ya waya, midomo ikitazama chini, mpaka zikauke zenyewe, maana kitambaa huiachia chupa uchafu wake.

Na mwisho wa yote, pua. Alichukua kila chupa, akaiweka usoni kama mtu anayekunywa, akavuta pumzi. Ikinuka chochote ilirudi kwenye karo. Brashi inaweza kudanganya, jicho nalo likachoka, lakini pua yake haikuwa na masihara. Fundi wa baiskeli, mwanamume mnene aliyekuwa na karakana upande wa pili wa ukuta, alipenda kusema kwamba Mama Chupa angeweza kunusa bili ya umeme kabla haijafika.

Yeye hakumwambia mtu kwamba pua ile ilikuwa inamfanyia kazi nyingine. Waendeshaji hawakuingia chumbani mle. Alichoona yeye ni mikono tu, inapita dirishani na kuondoka. Lakini asubuhi, akifunua vifuniko, aliwajua. Yule mrefu waliyemwita Twiga alitia kahawa kwenye chupa ya pili na kudhani hakuna anayejua. Mwingine alikuwa na mapenzi mapya, kwa sababu chupa yake ilianza kunukia mafuta ya nywele ambayo si ya mwanamume. Nahodha alipofiwa na baba yake, wiki nzima chupa zake zilirudi na maji yaleyale aliyotiliwa, hayajaguswa. Mama Chupa alisema pole yake pale pale, peke yake, akaendelea kupiga brashi. Alikuwa na watu ishirini na wawili maishani mwake na hakuna aliyekuwa na habari.

Mwezi wa tatu wa msimu ule alishikwa na mafua makali. Alilala siku nane. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya kwanza, na mume wake, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Binti yake aliishi mbali, safari ya siku nzima, na alipiga simu kila Jumapili. Katika siku zile nane mlango uligongwa mara moja, na aliyegonga alikuwa amekosea ghorofa.

Siku ya tisa alirudi kazini. Kreti zilikuwa zimejaa mpaka pomoni, kwa kuwa waendeshaji walijisuuzia ovyo na kutupa humo. Alianza kufungua moja moja na kushangaa jinsi zilivyokuwa safi. Hii safi, hii nayo safi. Akajisemea kwamba labda vijana wameanza kupata akili. Kisha akafungua chupa ambayo mtu alikuwa ametia maziwa akaiacha wiki nzima kwenye joto. Yalikuwa yameganda mabonge ya kijani pembeni. Akayaona kwa macho yake. Akainamisha uso karibu, karibu zaidi, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

Hakusikia kitu.

Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Akanusa siki. Akanusa sabuni. Akanusa kiganja chake mwenyewe. Ilikuwa kama kuita mtu kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Daktari wa zahanati alimmulika puani, akamwambia jambo hilo hutokea baada ya mafua, na kwamba huenda harufu ikarudi baada ya wiki kadhaa, au miezi, au isirudi. Alisema kwa upole na alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Mama Chupa akashukuru, akatoka.

Alichokuwa hakijui ni jinsi nyumba inavyokuwa tupu bila harufu. Chakula kiligeuka kuwa kitu cha kutafunwa tu; alikula kwa kutazama saa. Jumamosi moja aliinjika mchuzi, akaenda chumbani kukunja nguo, na aliyemshtua ni jirani wa ng'ambo akipiga mlango kwa ngumi, moshi ukiwa umeshajaa ukumbi mzima. Jirani aliufungua mlango wa roshani, akazima jiko, akamwangalia kwa jicho la kumpima, kama mtu anayejiuliza uzee umeanza kumwingia mwenzake. Mama Chupa akadai alikuwa amesinzia.

Na lilikuwepo koti. Koti la kazi la mumewe lilining'inia ndani ya kabati tangu siku alipofariki, na katika miaka yote sita, mwanamke yule ambaye kuosha ndiyo kazi yake hakulitia maji. Lilikuwa na dizeli, na tumbaku kidogo, na ule mchanganyiko mwingine usio na jina ambao ulikuwa ni yeye mwenyewe. Hakulinusa kila siku; alilitunza lisiishe. Jioni ya siku ile ya moshi alifungua kabati, akatia uso kwenye kola. Kitambaa. Akajaribu kwapa, akajaribu ndani ya mfuko. Kitambaa kikavu, basi.  Kisha akalipeleka bafuni, akalifua kwa mikono miwili, akalikamua, akalianika. Hakulia. Wiki iliyofuata alimpa mlinzi wa jengo, ambaye lilimkaa vizuri mabegani, na kila alipomwona nalo getini alimsalimu haraka na kupita.

Kwa binti hakusema neno. Jumapili ilipofika alisema yu mzima, mafua yamekwisha, na wewe je, na watoto je. Alijiambia kwamba hakuna haja ya kumtia mtu wasiwasi kwa kitu ambacho hawezi kukileta kwenye mfuko. Kazini nako alinyamaza. Pua ndiyo iliyomtoa kwenye ufagio. Bila hiyo alijiona ni mwanamke mzee mwenye brashi tu, na mwenye brashi yeyote angepatikana. Akajikaza kisabuni.

Akaanza kuosha kwa hofu. Zamani pua ilimwambia pa kuishia, na sasa hapakuwa na pa kuishia. Alisuuza mara tano. Alimulika kila chupa kwa tochi ya simu. Bado moyo haukutulia, hivyo akanunua klorini, ile ya kung'arishia mashuka, akaanza kutia kifuniko kimoja cha dawa hiyo kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Kikawa viwili. Siku akiwa na wasiwasi zaidi vikawa vinne. Chupa ziling'aa kama zimetoka kiwandani, waliosikia harufu wakadhani ndiyo ya usafi, na kocha akamsifu mbele ya watu. Alitabasamu, na aliporudi chumbani alijiona mwizi.

Mwezi huohuo alikuja mwendeshaji mpya, msichana wa miaka ishirini hivi, kutoka mbali. Alikuwa mchache wa maneno kiasi kwamba siku ya tatu walishampa jina la Kimya. Mama Chupa alijua mikono yake: kucha fupi, kovu jekundu kwenye kifundo. Mkono ule uliweka chupa taratibu, haukutupa. Lakini ndani ya chupa hakuweza kusoma kitu. Huyu wa ishirini na tatu alikuwa mgeni kabisa, na wale wengine walianza kuwa wageni pia.

Wiki ya sita, wakiwa katikati ya mlima kwenye mazoezi ya asubuhi, Kimya aliteremka kwenye baiskeli, akaketi ukingoni mwa barabara na kutapika. Walimrudisha kwa gari la klabu. Tumbo lilimsokota siku mbili. Kocha, aliyebakiwa na siku kumi kabla ya mashindano, aliwahoji wote walikula nini, wakalinganisha, haikupatikana sababu. Ndipo fundi, aliyekuwa anaiondoa chupa ya Kimya kwenye baiskeli ili aifanyie matengenezo, alipofungua kifuniko na kurudisha kichwa nyuma.

Akaenda mpaka dirishani, akalisukuma. Alikuwa na chupa mkononi na alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu watu walikuwa wanapita.

"Mama, hii inanuka klorini. Inachoma macho. Wewe hukuisikia?"

Mama Chupa aliitazama ile chupa. Angeweza kusema alisahau kusuuza. Kila mtu husahau. Maneno yale alikuwa nayo tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Sisikii harufu, fundi," akasema. "Tangu yale mafua. Sisikii chochote."

 Mikono ya fundi yenye grisi iliizungusha ile chupa, ikaizungusha tena. Kisha akamwambia avue aproni, waende pamoja kwa kocha, na njiani alitembea upande wake bila kumtangulia.

Kocha alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini siku ile hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Mama Chupa zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni miezi mingapi. Akauliza kama kuna mwingine anayejua. Kisha akamwambia aende nyumbani apumzike siku tatu, atamwita. Mama Chupa akalielewa hilo kuwa ndiyo kwaheri. Alirudi chumbani kuchukua mkoba wake, akapanga brashi kwa urefu, akafunga mlango.

Siku ya pili hakuweza kukaa. Alimpigia fundi kuuliza Kimya anakaa wapi, akaenda. Kilikuwa chumba cha kupanga juu ya duka la rangi, kitanda, begi, baiskeli ya zamani imeegemezwa ukutani kama mgeni wa tatu. Msichana alifungua mlango akiwa amejifunga shuka, akamkaribisha kwenye kiti pekee kilichokuwepo, mwenyewe akakaa kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana uso kwa uso. Mama Chupa alimwona ana macho makubwa kuliko alivyodhania kwa kuona mikono.

Alimweleza kila kitu, klorini, vifuniko vinne, pua. Akamwomba radhi. Kimya alikuwa anauvuta uzi kwenye shuka.

"Mimi nilisikia tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilidhani hapa ndivyo chupa zinavyokuwa."

"Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Kwa nani?" Aliuliza bila ubaya, kama anayetaka kweli kujua. "Wote wanajuana. Sikutaka mgeni awe ndiye wa kulalamika. Nilikuwa nabana pumzi, nakunywa."

 Mama Chupa aliziona wiki sita zile: msichana anabana pumzi kila anapokunywa, na yeye upande wa pili wa dirisha anamulika tochi kwenye chupa ileile. Angetaka kumshika mkono, lakini hawakuwa wamefikia hapo. Akauliza kama amekula. Kimya akasema amekula. Chini duka la rangi lilikuwa linafunga, vyuma vya mlango vikakwaruza sakafu. Msichana akasema kwamba duka lile likifungwa jengo zima hubaki kimya na huwa anawasha redio asikilize hata matangazo ya vifo. Mama Chupa akasema yeye pia huwasha redio. Wakakaa hivyo kidogo, wawili wenye redio, kisha akaaga.

Hakufukuzwa. Kocha alimwita siku ya tatu na kumwambia klorini isionekane tena pale. Sabuni, siki na maji ya moto vilitosha miaka yote hiyo na vitatosha. Pua atakopa. Kila mwendeshaji, kabla ya kujaza maji, atakuja dirishani kunusa chupa yake mwenyewe, na isiyo sawa atairudisha hapohapo. Aliwatangazia wote uwanjani, na akataja sababu wazi, mbele yake. Mama Chupa alitazama viatu vyake wakati huo wote.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Walipanga foleni dirishani asubuhi, wakainama, wakanusa, wakatoa hukumu kama mahakimu. Twiga alidai chupa yake inanukia hekima. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili aliziona nyuso zao zote kwa karibu, na wao wakamwona. Nahodha alimuuliza anajisikiaje kula kitu kisicho na ladha, akamjibu ni kama kutafuna gazeti la jana, akacheka naye.

Kisha ikawa ni wiki ya tatu, na mashindano yakapita, na watu wana haraka. Mikono ikaanza tena kupita dirishani, ikachukua, ikaondoka. Wengine walinusa wakiwa wameshapanda baiskeli, wengine hawakunusa. Hakuwalaumu, chupa zilikuwa salama, alijua hilo kwa mazoea ya mikono. Aliyeendelea ni Kimya. Kila asubuhi alisimama dirishani, akanusa polepole, akaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa. Mara nyingine alisema neno moja, sabuni, au siki kidogo, au mvua, na Mama Chupa akalichukua neno lile na kukaa nalo mchana kutwa. Mwisho wa msimu klabu kubwa ya mbali ilimchukua. Alikuja kuaga akiwa na begi mgongoni, akapitisha mkono dirishani, akamshika Mama Chupa kidole kimoja, akakibana, akaenda. Alituma ujumbe alipofika. Hakutuma mwingine.

Klabu ikafungwa kwa mapumziko ya miezi miwili. Jumapili ya kwanza Mama Chupa alimwambia binti yake. Upande wa pili akasikia mtu anapenga kamasi. Binti alikasirika, kwa nini miezi yote ile mama anajifanya mzima, angeungua je, ingekuwaje. Alhamisi akaja na basi la mchana. Alikaa siku nne. Alitupa vitu vilivyoharibika kwenye friji bila kuvisema, akabandika juu ya jiko karatasi ya kumkumbusha kuzima moto, akafungua madirisha. Siku ya mwisho alifungua kabati, akauliza liko wapi koti la baba.

"Nililifua," akasema mama yake. "Nikampa mlinzi."

Binti alisimama ameshika mlango wa kabati. Alisema kwamba kila alipokuja alikuwa akilinusa, mama akiwa jikoni. Hakuna aliyejua kama mwenzake alikuwa akifanya vile. Wakatazamana, na hapo Mama Chupa akalia, kidogo, ameketi kitandani, na binti yake akakaa karibu naye mpaka wakati wa basi ukafika.

Kwa majuma kadhaa binti alipiga simu kila jioni. Baadaye ikawa siku moja moja, baadaye Jumapili tena, maana ana watoto na kazi na maisha yake, na Mama Chupa mwenyewe alimwambia asijitese. Alijifunza kupika kwa saa ya kengele. Alitia pilipili zaidi ili ulimi uwe na la kufanya. Kila asubuhi alinusa chupa ya siki mara tatu, kama daktari alivyomshauri alipomrudia, na kila asubuhi siki ilikuwa maji.

Msimu mpya ulipofunguliwa, alikuta chumba kina vumbi na ukuta wa kaskazini umeota madoa ya unyevu. Alisugua siku mbili. Siku ya tatu waendeshaji walirudi, wengi wao sura mpya, na asubuhi yake kijana asiyemjua alisukuma dirisha kuchukua chupa. Alikuwa anageuka kuondoka nayo Mama Chupa alipomwita.

"Nusa kwanza."

Kijana akauliza kwa nini.

"Kwa sababu mimi sisikii harufu. Ninaosha vizuri, lakini kunusa ni kazi yako."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, huku akiendelea kupanga vifuniko. Kijana akafungua chupa, akatia pua ndani, akafikiri.

"Hainuki kitu," akasema.

"Basi jaza maji."

Akaenda. Mama Chupa akavuta kreti ya pili karibu na karo, akafungua bomba, akasubiri maji yapate moto.